Mwongozo wa Kula Hela Iliyopotea Njia Bila Kuvimbiwa

Kwanza hakikisha ni hela kweli. Hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kuanzia Base Camp hadi Juru na Rubondo, meseji za hela ni za aina mbili: inayotoka kwa kampuni ya simu, na inayotoka kwa kijana aliyekaa chini ya mwembe na simu tatu mapajani. Ya kijana huja kwa namba ya kawaida kama ya shemeji yako, maneno yamebananabanana, na kabla hujamaliza kuisoma anapiga mwenyewe kwa sauti ya kilio: "Nyabo, nimekosea namba, nirudishie tafadhali, ni hela ya hospitali." Mwenye huruma hurudisha. Akimaliza kurudisha ndipo anaangalia salio na kukuta ametoa zake. Za kijana hazikuwahi kuingia. Kwa hiyo bonyeza *165# au *185#, kutegemea laini yako, uangalie salio. Kama halijasogea, mwongozo huu haukuhusu, rudi kwenye sombe yako. Kama limepanda, vuta kigoda.

La kwangu lilipanda Jumatatu moja saa moja na nusu asubuhi, kwa shilingi 185,000. Nilikuwa kibandani kwangu nachoma chapati, kwenye simu nina 4,300, na nina deni la mfuko wa unga wa ngano kwa Msomali wa duka la pembeni. Hatua zote utakazosoma hapa nilizijaribu mwenyewe kati ya saa hiyo na saa nne. Ushahidi ni chapati tano zilizoungua.

Hatua ya kwanza, zima simu. Lakini iwahi. Anayezima baada ya kuona namba ngeni inaita, huyo anakimbia. Anayezima kabla haijaita, anatunza chaji, na kila mtu huku anajua chaji inalipiwa dukani kwenye sola. Kati ya mwizi na mbana matumizi kuna dakika tatu hivi. Mimi nilizima baada ya dakika moja, nikaisukumia simu chini ya beseni, nikaukanda unga kama mtu anayeudai.

Hatua ya pili ni kuitafutia hela mtoaji. Hela haikai rohoni bila mtoaji. Ikimkosa itamkumbuka mwenyewe. Mtu wa Mbarara mjini akiingiwa na hela ya ghafla anataabika mahali pa kuipachika, maana ana mshahara, ana ng'ombe, anajua kila shilingi ilikotoka. Sisi tumejaliwa. Tuna binamu aliyepelekwa Australia akasahau namba zetu, tuna kaka wa Marekani anayeahidi tangu Krismasi ya mwaka juzi, tuna mashirika. Ee, mashirika! Umeshaandikwa jina mara ngapi, ukaweka kidole, ukapigwa picha, ukaambiwa "tutawapigia"? Basi kaa uchague. Mimi nilichagua shirika, kwa sababu binamu angepiga kujisifu.

Ukitaka kuukaza moyo zaidi, piga hesabu za wakubwa. Mwaka 2018 wakimbizi wa Uganda walihakikiwa upya, mmoja mmoja, kwa alama za vidole na mboni za macho. Waliokuwa wakitajwa kuwa milioni 1.4 wakaonekana kama milioni 1.1. Karibu laki tatu waliondoka bila kufa, bila kuhama, bila hata kuaga. Tumezoea kusikia wafanyakazi hewa. Hao walikuwa wakimbizi hewa, na hewa nayo ilikuwa imeandikiwa sahani. Kisha Julai 2023, fedha za wafadhili zikiwa zimekauka, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likawapanga wakimbizi makundi matatu: wenye shida zaidi asilimia 60 ya mgao, wa kati asilimia 30, na wa tatu, wanaohesabiwa kuwa wanajitegemea, wasipate kitu. Hapo pana utamu wake. Kama uko kundi la tatu, jiambie hivi: niliambiwa nijitegemee, na sasa najitegemea. Hii ni ile asilimia 60 yangu, ilizunguka Kampala kidogo, imerudi nyumbani. Hoja hiyo inasimama vizuri sana, mpaka uwashe simu ukumbuke kwamba meseji imeandikwa jina la mtumaji, na mtumaji si shirika. Ni mtu mmoja, mwenye jina la Kinyankole na la ubatizo.

Hatua ya tatu, jifunze kwa waliofaulu. Tarehe 11 Agosti 2020, benki ya Citibank ya Marekani ilitaka kulipa riba ya dola milioni 8 hivi kwa niaba ya Revlon, kampuni ya vipodozi. Kwenye programu yao palikuwa na visanduku vitatu vya kutia alama, wakatia kimoja. Watu watatu wakakagua, wote wakaona sawa. Zikatoka karibu dola milioni 900, za benki yenyewe. Kesho yake benki ikaanza kubembeleza irudishiwe, kama yule kijana wa chini ya mwembe, ila yenyewe ilikuwa inasema kweli. Wengine wakarudisha. Wengine, wenye karibu milioni 500 mkononi, wakasema: sisi tulikuwa tunadai, tumelipwa, kosa letu liko wapi? Februari 2021 jaji wa New York akawapa haki. Nani, alisema, angedhani benki kubwa namna ile inaweza kukosea kiasi kile?

Ishia hapo. Usisome mbele, maana Septemba 2022 mahakama ya rufaa iliitengua hukumu hiyo na hadithi ikaharibika. Usijiulize pia wenzako wale walikuwa wakidai deni la kweli, na wewe mtumaji wako unamdai nini. Na utetezi wa "sikudhani mkubwa anaweza kukosea" uache hukohuko New York. Ukiupeleka kituo cha polisi Isingiro, ukiwa na laki moja na themanini na tano, OC ataona unamchezea.

Wala usiende kwa Wahabeshi wa Base Camp kuomba mfano mwingine. Wanao, na si mzuri. Machi 2024 mfumo wa Benki ya Biashara ya Ethiopia ulipata hitilafu, ikawa mtu anatoa hela nyingi kuliko aliyoweka. Habari ikaruka mabwenini, wanafunzi wa vyuo vikuu wakapanga mstari usiku kwenye mashine. Kulipokucha benki ikataka yake, na waliochelewa kurudisha ikawatangaza majina na picha. Fikiria uso wako umebandikwa kwenye mti pale tunapopangia mstari wa mgao. Nilifikiria. Hiyo ndiyo chapati ya tatu.

Kuhusu sheria sitakuchosha. Waingereza walituletea huku Afrika Mashariki Sheria ya Mikataba ya Uhindi ya mwaka 1872, na kifungu chake cha 72 kilisema aliyelipwa kwa makosa arudishe. Huko kwao London, katika kesi ya Kelly na Solari, mwaka 1841, bima ilimlipa mjane kwa mkataba ambao wakubwa wa bima wenyewe walisahau kwamba ulishakufa. Majaji wakasema uzembe wa mlipaji haumnyimi haki ya kudai chake. Kwa hiyo kama ulikuwa unanoa ile hoja ya "si angeangalia vizuri kabla ya kubonyeza", ipumzishe. Ilishindwa kabla Mbarara haijawa mji.

Hatua ya nne ni kutafuta mtu wa dini, na hapa uchague kwa makini. Mimi nilianza na Msomali wangu wa unga, nikijua anataka deni lake na huenda akaniona kwa jicho la biashara.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "mtu akiokota hela njiani, dini inasemaje?"

"Anaitangaza mwaka mzima, mama. Mwenyewe akikosekana, ndipo anaitumia."

Mwaka mzima! Nikaanza kuipenda dini ya watu. Mwaka mzima wa kutangaza kwa sauti ya chini, usiku, upande wa ziwani. Lakini akaacha kupima sukari, akaniangalia.

"Hiyo hela ina namba ya mwenyewe?"

"Sikusema ni yangu."

"Kama ina namba ya mwenyewe, hiyo haikuokotwa. Hiyo ni amana. Na deni langu usinilipe nayo."

Pasta sikumuuliza tena. Najua angenifungulia Kumbukumbu la Torati sura ya 22, palipo na ng'ombe wa mwenzako aliyepotea, na Ankole si mahali pa kujifanya hukuelewa mfano wa ng'ombe. Yule mnyama mwenye pembe ndefu kuliko mkono wako akiingia kwenye migomba yako asubuhi, humuulizi kama ameletwa na majaliwa. Unajua mwenyewe yuko njiani, na ameshika fimbo.

Hatua ya tano ni kuitoa haraka kabla haijavutwa. Kuna kodi: mwaka 2018 serikali iliweka asilimia 1 kwenye hela za simu, watu wakapiga kelele, na kabla mwaka haujaisha ikabaki asilimia 0.5, kwenye kutoa tu. Kwa 185,000 hiyo ni shilingi 925, mbali na makato ya kampuni. Serikali haikuulizi hela ilikufikiaje. Ni mshirika mwema, na sidhani utapata mwingine.

Wakala ndiye anayeuliza. Wakala wa Base Camp anajua nani katumiwa na nani, ndoa ipi imelegea, na mtoto wa nani amefika Kanada. Nilifika chini ya mwavuli wake wa njano na viganja vimejaa unga.

"Mama, leo unaweka?"

Siku zote naweka. Elfu kumi, siku nzuri elfu kumi na tano. Kumjibu kwamba leo natoa laki na themanini ilikuwa sawa na kupanda juu ya bati na kipaza sauti. Nikamwambia nimekuja kutafuta chenji. Akanichenjia noti ya elfu tano, nikarudi na sarafu za mia mia mfukoni, zinalia kila hatua.

Hatua ya sita siijui, sikuifikia.

Saa nne alikuja mteja, rolex mbili, yaani chapati za kuviringishia mayai, shilingi 5,000, na hana hela mkononi; anataka kulipa kwa simu. Nikaitoa simu chini ya beseni, nikaiwasha. Ilipowaka tu ikaita.

Ilikuwa sauti ya mzee, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshini cha zamani, ambacho baadhi ya wazee wa Uganda walikiokota kambini wasikitupe. "Mwanangu, habari ya asubuhi. Mimi ndiye nimekosea, si wewe. Nisamehe nimekusumbua."

Mwongozo wangu haukuwa na hatua ya kuombwa msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kwa polisi, kwa kuitwa mkimbizi. Mtu wa hivyo ningekaa na hela yake kwa raha zangu mpaka Krismasi. Huyu aliuliza kwanza kama watoto wameamka salama. Kisha akaeleza. Mjukuu wake anasomea uuguzi Mbarara, tangu asubuhi amesimama kwenye dirisha la mhasibu, anaambiwa hela haijafika. Tukalinganisha namba. Ya mjukuu na ya kwangu ni pacha, ila yake inaishia na 1 na yangu na 7. Mzee alikuwa nayo kwenye karatasi, na aliyeiandika aliivisha ile moja kofia.

Utauliza: kwani jina halikutokea kabla hajabonyeza? Lilitokea. Hapo nami nina la kukiri. Laini yangu niliipata mwaka 2017, wakati mkimbizi kusajili laini kwa karatasi zake kulikuwa kama kuomba viza; ruhusa ya kutumia kitambulisho cha mkimbizi na karatasi ya familia ilikuja 2019. Kwa hiyo laini yangu ina jina la mama mmoja Mnyankole aliyekuwa akituuzia maziwa. Mjukuu naye anatumia laini ya shangazi yake. Mzee aliona jina la mwanamke wa kwao, akaridhika. Mtambo haukuwa na kosa: ulimwonyesha jina la kweli la mtu asiyehusika.

Nikamwambia hela ipo. Nadhani nilisema haraka, nisijisikie nikisema.

Sasa kuna jambo watu wema hawakuelezi, kwamba hata kurudisha kuna mitego. Usiirushe tu hela ilikotoka. Wapo wanaotuma hela ya kweli kwa makusudi, wanakulilia, unawarudishia, kisha wanapiga 100 kuomba kampuni iufute ule muamala wa kwanza. Wanavuna mara mbili na wewe unabaki na sifa ya uaminifu. Jirani yangu mmoja anayo sifa hiyo mpaka leo. Dawa yake ni kuiacha hela ilivyo, mtumaji aende kwa kampuni, wewe ukiulizwa ukubali. Nako usilale fofofo: mwaka 2012 magazeti ya Uganda yaliandika kwamba kwenye kampuni moja kubwa ya simu mabilioni ya shilingi yalichotwa kutoka akaunti ya kuhifadhia hela zenye mgogoro, zikiwamo zilizotumwa kimakosa. Hela ilipotea njia, ikaokotwa, ikafungiwa salama, ikapotea tena.

Nikapiga 100. Binti mwenye sauti ya asali akaomba jina kamili la mwenye laini na mwaka wake wa kuzaliwa. Jina nilikuwa nalo. Mwaka nikakisia: 1962, wa uhuru, kila mtu anaupenda. Akasema pole nyabo, mwenye laini afike ofisini Mbarara na kitambulisho chake.

Mama wa maziwa anakaa upande wa wenyeji, nje kidogo ya makazi. Nilimkuta anatikisa maziwa kwenye kibuyu. Nilipomweleza alicheka mpaka akakiweka kibuyu chini. "Kumbe asubuhi yote nilikuwa na laki na themanini, na nimekunywa chai bila sukari!" Aliponiuliza kwa nini simu haikutosha, nikamwambia ule mwaka niliokisia. Hakucheka tena. Amezaliwa 1974. Kuanzia pale mpaka tunapanda taksi nilimbebea mkoba.

Nauli yake nililipa mimi, kwenda elfu kumi kila mmoja, na kurudi vilevile. Tulifika Mbarara saa nane. Mzee alikuwa mlangoni kwa ofisi, koti jeusi, kofia mkononi, fimbo chini ya kwapa, na pembeni yake mjukuu katika sare nyeupe, macho kwenye simu. Mama wa maziwa akasema "Agandi," mzee akajibu "Nimarungi," wakaingia kwenye habari za ng'ombe, kisha za koo, ukoo hadi ukoo, na kabla zamu yetu haijafika wakawa wamegundua ni ndugu kwa upande wa bibi. Ikaonekana mgeni pale ni mimi tu, niliyekuwa nimekaa na hela ya familia. Ndani, kitambulisho kikaangaliwa, kitufe kikabonyezwa, ikawa imekwisha. Haikufika dakika tano. Simu yangu ikatoa mlio na salio likarudi palepale lilipokuwa, pamoja na zile 5,000 za rolex.

Mzee alitaka anirudishie nauli hapohapo, lakini mkononi hakuwa na kitu, na ya simu ilikuwa inakimbizwa kwa mhasibu kabla dirisha halijafungwa. "Kesho nikiuza maziwa nitakutumia elfu arobaini, mwanangu. Na ya soda juu yake."

Kesho yake jioni akapiga. "Umeipata?"

Sijaipata.

"Nimetuma mchana. Na jina nimeliangalia vizuri, ni la yule mama yetu, Mnyankole."

Nikamwomba anisomee namba aliyotumia. Nikasikia karatasi inakunjuliwa. Akasoma polepole, tarakimu moja moja, na ya mwisho ilikuwa 1.

"Ah!" akasema. "Basi imeenda kwa mjukuu. Mpigie tu, mwanangu, atakurudishia. Ni mtoto mzuri sana."

Nikampigia. Simu yake ilikuwa imezimwa.